Barnaba Alipokwenda Tarso

Somo la Jumapili, ibada ya pili, Lodwar
Maandiko: 1 Samweli 16:1-13, Matendo 9:26-30, Matendo 11:19-26, Matendo 13:1-3



Mlisikia tangazo. Kabla mwezi huu kuisha tunatakiwa kuchagua viongozi wa ushirika wa nyumbani, na pia mtu wa kuliangalia lile kundi letu dogo la Kakuma ambalo limekua mpaka halienei tena katika nyumba moja. Mchungaji amenipa mimi kazi ya kuandaa majina. Kabla sijawaomba majina, nina jambo la kukiri hapa mbele yenu. Wazee wangu mnivumilie, mama zangu mnivumilie.

Mara ya mwisho tulipochagua viongozi, mimi ndiye niliyetengeneza ile fomu. Mnaikumbuka. Mimi nilisoma biashara chuoni, na huko tulifundishwa kwamba ukitaka kumwajiri mtu lazima uwe na vigezo. Nikaandika vigezo. Awe na cheti cha kidato cha nne. Awe anaongea Kiswahili vizuri na Kiingereza kidogo. Awe na simu. Awe ameandikwa katika daftari la fungu la kumi miezi kumi na miwili mfululizo. Nikaichapa vizuri, nikaweka na mistari ya kujaza. Wazee wakaniambia, "Kijana, hii kazi ni safi." Nami nikafurahi.

Katika mtaa mmoja hapa Lodwar fomu ilituletea ndugu mzuri kabisa. Ana cheti, ana kazi, suti yake imepigwa pasi. Tukamwombea, tukamkabidhi watu kumi na sita. Baada ya miezi minne nikaenda kuchukua daftari la mahudhurio. Akaniambia kwa unyenyekevu, "Mchungaji, kundi limekufa. Watu hawaji." Simlaumu. Alikuwa na kazi nyingi na hakuomba nafasi ile, ni sisi tuliomfuata kwa sababu ya karatasi.

Nikageuza pikipiki nirudi. Mtoto mmoja wa Sunday school akaniona akasema, "Pastor, unatafuta watu wa ushirika? Wako kwa mama wa makaa." Nikamfuata. Chini ya mti wa ewoi, pale anapopanga madebe yake ya makaa, nikakuta watu kumi na mmoja wameketi. Kijana wa darasa la sita ndiye aliyekuwa akisoma Biblia, kwa sababu yule mama hajui kusoma. Yeye alikuwa anauliza tu maswali. "Mungu alimwambia afanye nini? Na sisi tufanye nini?" Halafu akaanza kuwataja ambao hawapo, mmoja mmoja. Huyu mtoto wake ana homa. Huyu amekwenda kwa mifugo, atarudi wiki ijayo. Huyu amekasirika na fulani, kesho tutaenda wawili kumwona.

Kundi halikuwa limekufa. Lilikuwa limehama kwenda mahali palipo na mchungaji, na sisi ofisini hatukujua. Nilirudi nikaitazama fomu yangu. Hakuna mstari hata mmoja ambao mama yule angeweza kuujaza. Hana cheti, hana Kiingereza, simu anaazima. Fungu lake la kumi hutoa mara nyingine shilingi, mara nyingine debe la makaa kwa jiko la kanisa, na debe haliandikwi kwenye daftari.

Ndugu zangu, kosa hilo lilikuwa langu. Leo nataka tujifunze pamoja ili tusilirudie mwezi huu.

Nabii naye alikosea

Turudi kwa Samweli. Mungu anamtuma Bethlehemu, nyumbani kwa Yese, amtie mafuta mfalme mpya. Samweli si mtoto katika mambo ya Mungu. Alimsikia Bwana tangu akiwa mdogo hekaluni. Lakini anapomwona Eliabu tu, mtoto wa kwanza, mrefu, wa sura nzuri, moyoni anasema ni huyu. Mungu anamkatiza. Anamwambia asitazame sura wala urefu, kwa maana wanadamu huishia kwenye kinachoonekana, lakini yeye anatazama moyo.

Tukumbuke kwa nini Samweli alikosea. Tayari alikuwa amemtia mafuta mfalme mmoja mrefu, Sauli mwana wa Kishi, ambaye mabega yake yaliwapita watu wote. Ufalme wa Sauli ukaharibika, na Samweli akamlilia. Pamoja na machozi yote hayo, amefika kwa Yese na jicho lake bado linatafuta mtu mrefu! Kwa hiyo usijidharau ukikosea kumtambua mtu. Lakini pia usiliamini sana jicho lako.

Sasa angalieni Yese. Vijana saba wamepita mbele ya nabii, wote wamekataliwa. Samweli anauliza, hawa ndio wote? Yese anajibu kwamba yuko mdogo, anachunga kondoo. Ndiyo kusema baba mwenyewe hakumwita! Nabii amekuja, kuna dhabihu, kuna karamu, na mtoto mmoja hajaitwa hata kula, kwa sababu lazima mtu abaki na mifugo.

Sisi watu wa Turkana hatuhitaji kueleweshwa hapo. Nyumba ngapi hapa mnajua kabisa ni mtoto gani alipelekwa shule na ni yupi aliachwa na mbuzi? Yule wa shule leo tunamwita kiongozi. Yule wa mbuzi hata jina lake hatuliulizi akija mjini. Lakini kule malishoni alikuwa anajifunza nini? Kuhesabu bila kitabu. Kujua mnyama anayeumwa kabla hajaanguka. Kujua maji yako wapi. Kuamka usiku. Daudi mwenyewe, anapoulizwa na mfalme kama anaweza kupigana, haleti cheti. Anasimulia simba na dubu, na mwana-kondoo aliyemtoa kinywani mwa mnyama (1 Samweli 17:34-37). Na alipofanya hayo, hakuna aliyekuwa akimtazama.

Somo la kwanza basi ni hili. Ukitaka kumjua kiongozi, uliza anafanya nini na kidogo alicho nacho, siku ambayo hakuna mzee wa kanisa karibu. Mwambie jirani yako: "Simba na dubu havionekani kwenye fomu."

Mtu aliyekubali kuwa mdhamini

Twende sasa kwa Barnaba. Huyu ndiye mhubiri wangu leo. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Yusufu, Mlawi wa Kipro, na mitume ndio waliompa jina la Barnaba, mwana wa faraja. Alikuwa na shamba, akaliuza, akaleta pesa miguuni pa mitume (Matendo 4:36-37). Ni mtu anayeheshimika Yerusalemu.

Halafu anakuja Sauli wa Tarso. Mnamjua. Huyu alikuwa anaingia nyumba kwa nyumba, anawavuta waumini gerezani. Sasa ameokoka, amefika Yerusalemu anataka kujiunga na wanafunzi, na wote wanamwogopa. Hawaamini kwamba ni mwanafunzi kweli. Mimi nawaelewa. Mtu aliyemfunga shangazi yako gerezani anakuja kuketi karibu nawe kanisani, utafunga macho wakati wa maombi?

Barnaba anamshika mkono, anampeleka kwa mitume, anaeleza jinsi Sauli alivyomwona Bwana njiani na jinsi alivyohubiri Dameski bila woga. Mliokopa pesa katika chama mnajua maana ya jambo hilo. Huwezi kupata mkopo mpaka mtu akubali kuweka jina lake chini ya jina lako. Ukikimbia, yeye ndiye atakayelipa. Barnaba alimdhamini Sauli kwa jina lake zuri. Kama Sauli angekuwa mpelelezi, Barnaba angepoteza heshima yake.

Lakini tazameni pia kwamba hakudhamini gizani. Alikuwa na habari kamili. Alijua kilichotokea njiani na kilichotokea Dameski. Watu wengi wanasema, "Mimi namwona huyu kijana ana kitu." Kitu gani? Ukiulizwa useme mambo matatu aliyoyafanya, unaweza?

Safari ya Tarso

Baadaye Sauli akapata vitisho vya kuuawa, ndugu wakampeleka kwao Tarso. Kitabu cha Matendo kinanyamaza juu yake. Miaka inapita, na mtu ambaye Mungu amemchagua apeleke Injili kwa mataifa anakaa kwao, na hakuna kanisa linalomwandikia.

Ndipo Antiokia inawaka moto. Wayunani wanaokoka, watu wa kila namna. Yerusalemu inamtuma Barnaba akaangalie. Anafika, anaona neema ya Mungu, anafurahi. Kazi ni nzuri na imemshinda ukubwa. Kama angekuwa na roho ya wengi wetu angesema, "Mungu amenipa kanisa kubwa, sasa watanijua." Matendo 11:25 inatuambia alitoka kwenda Tarso, akamtafute Sauli.

Neno ni kumtafuta. Hakukuwa na simu. Antiokia mpaka Tarso ni safari ya siku kadhaa kwa miguu. Akauliza nyumba kwa nyumba mpaka akampata, akamleta. Halafu wakakaa pamoja mwaka mzima wakifundisha watu wengi. Mwaka mzima, ndugu zangu. Hakumpa maikrofoni Jumapili moja, kisha akamlaumu kwamba hajui kuhubiri.

Kiongozi wa aina hii haletwi na tangazo tu. Tumezoea kusimama hapa mbele na kusema, "Mwenye mzigo wa huduma amwone katibu baada ya ibada." Wanaokuja ni wale ambao hawaogopi kumwona katibu. Yule anayekaa kiti cha nyuma karibu na mlango, anayejiona hafai, hatakuja hata tukitangaza mara mia. Huyo lazima afuatwe Tarso.

Jambo lililotokea hapo Kakuma

Nisije nikaonekana nahubiri ya zamani tu, nitawapa mfano wa karibu, kilomita kama 120 kutoka hapa tulipo.

Mnamjua Tegla Loroupe, binti wa Pokot Magharibi. Mwaka 1994 alishinda mbio za marathoni za New York, mwanamke wa kwanza kutoka Afrika kuzishinda, na mwaka 1995 akazishinda tena. Alipokuwa msichana walikuwako waliomwona mdogo mno na mwembamba mno kwa mbio. Baadaye, tangu miaka ya 2000, amekuwa akiandaa mbio za amani, akiwaleta vijana wa jamii zetu, Wapokot, Waturkana na wengine, wakimbie pamoja badala ya kufuatana na bunduki kwa sababu ya mifugo. Hapa kila familia ina kidonda cha jambo hilo, kwa hiyo sitalizungumza kirahisi. Lakini mnaona uzito wa mama wa Kipokot kufanya kazi kama hiyo.

Mwaka 2015, Tegla na timu yake walikuja kambi ya Kakuma kutafuta wakimbiaji miongoni mwa wakimbizi. Kambi ile ipo tangu 1992. Magari mangapi yamepita pale kuhesabu watu, kugawa chakula, kupiga picha? Hawa walikuja kutafuta kipawa.

Palikuwa na msichana anaitwa Rose Nathike Lokonyen, aliyeikimbia vita ya Sudan Kusini akiwa na umri wa miaka kama kumi. Hakuwa mwanariadha. Mwalimu wa shule ndiye aliyemwambia, jaribu mbio hizi za kilomita kumi. Alikimbia, hakuwa amefanya mazoezi, akamaliza wa pili. Mnajua majaribio ya Kakuma, jua lile na changarawe ile, na wengine hata viatu hawana.

Watano kutoka Kakuma wakachaguliwa kuingia katika timu ya kwanza ya wakimbizi ya Olimpiki, timu ya watu kumi. Walifanya mazoezi Ngong, na Tegla ndiye aliyekuwa kiongozi wa msafara kwenda Rio mwaka 2016. Usiku wa ufunguzi, aliyebeba bendera ya timu mbele ya dunia nzima alikuwa Rose.

Sasa, hakuna hata mmoja wa wale watano aliyepata medali Rio. Kwa hesabu yangu ya biashara, ningesema ule ulikuwa uwekezaji usio na faida. Lakini mmoja wao, Yiech Pur Biel, aliyekimbia mita 800 na hakuvuka raundi ya kwanza, mwaka 2022 alifanywa mjumbe wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki. Mtu aliyefika Kakuma akiwa mtoto asiye na wazazi karibu naye, leo anaketi katika meza inayoamua mambo ya michezo ya dunia. Aliyemtafuta alitafuta mkimbiaji, na Mungu alikuwa ameficha ndani yake kiongozi.

Najua Olimpiki si kanisa. Lakini nawauliza. Je, watu wa michezo wametushinda sisi wa Injili kutafuta? Walifika Kakuma wakapata watu. Sisi tuna kundi pale, na juzi kwenye kikao swali letu la kwanza lilikuwa, "Tumtume nani kutoka Lodwar?"

Maswali mawili magumu

Mzee mmoja aliniambia baada ya kikao, na alisema kwa upendo: "Pastor, ukimfundisha mkimbizi uongozi, kesho ataitwa apelekwe Marekani au Kanada. Utakuwa umefundisha watu wa Marekani." Hilo ni swali la kweli. Limetutokea. Tumewahi kumpoteza mpiga kinanda na mwalimu wa Sunday school ndani ya mwezi mmoja.

Someni Matendo 13. Antiokia ina manabii na waalimu watano waliotajwa kwa majina. Roho Mtakatifu anasema watengewe Barnaba na Sauli.  Alichukua wawili ambao kanisa liliwahitaji zaidi. Nao walifunga, wakaomba, wakaweka mikono, wakawaacha waende. Kama Antiokia ingefanya hesabu ya mzee wangu, sisi hapa Turkana tungesikia Injili kwa nani? Mtu akiondoka Kakuma na kwenda kufungua ushirika katika mji wa baridi huko ng'ambo, hatujapata hasara. Tumetuma mmishenari, na nauli hatukulipa sisi.

Na lipo upande wa pili. Ndugu zetu Waturkana wa Kakuma wanasema, "Kila kitu ni cha wakimbizi." Ndugu zetu wakimbizi wanasema, "Wenyeji hawatutaki." Maneno hayo yasituingilie kanisani. Antiokia ile ilikuwa na Simeoni aitwaye Nigeri, Lukio wa Kirene, na Manaeni aliyelelewa pamoja na Herode. Mtu wa Afrika na mtu wa nyumba ya mfalme, meza moja. Kiongozi wa Kakuma anaweza kuwa mwenyeji, anaweza kuwa mkimbizi. Tutakayemtafuta ni yule ambaye watu wa pande zote mbili tayari wanamwendea wakiwa na shida.

Swali la pili liliulizwa na mama mmoja wa idara ya wanawake. "Tuliwahi kumpa kijana nafasi kwa sababu ana kipawa, akala pesa. Utasema nini?" Mama, nitasema ulisema kweli. Kutambua kipawa peke yake hakutoshi. Yethro alimpa Musa sifa za watu wa kuchagua katika Kutoka 18:21, na ndani yake mna uwezo, mna kumcha Mungu, mna ukweli, na mna kuchukia rushwa. Uwezo ni moja tu kati ya hizo. Paulo anamwonya Timotheo asiharakishe kumwekea mtu mikono, na anasema mashemasi wapimwe kwanza. Paulo huyo huyo alisubiri Tarso, kisha Antiokia mwaka mzima, ndipo akatumwa.

Na tusidanganywe na sauti. Kuna anayeomba mpaka mabati yanatetemeka, na nyumbani mke wake hajazungumzishwa kwa wiki. Kiasi cha sauti hakipimi upako.

Gharama ya Barnaba

Kuna jambo moja la mwisho, na ndilo linalotushinda sisi wachungaji na wazee kuliko yote.

Ukisoma mwanzo wa safari yao, imeandikwa Barnaba na Sauli. Barnaba yuko mbele. Wanavuka Kipro, kisiwa cha nyumbani kwa Barnaba mwenyewe, na wanapotoka huko maandishi yanasema Paulo na wenzake. Baadaye mara nyingi ni Paulo na Barnaba. Majina yamebadilishana nafasi. Aliyeletwa amempita aliyemleta, na hatusomi popote kwamba Barnaba alilalamika.

Tunasema tunataka kuinua viongozi. Lakini ndani yetu tunataka kuinua watu watakaobaki wadogo kuliko sisi. Akianza kuhubiri vizuri, tunampunguzia zamu. Akianza kupendwa, tunasema ana kiburi. Mimi nilipomwona mama wa makaa na kundi lake, jambo la kwanza lililonijia halikuwa furaha. Nilijisikia nimeaibishwa, kwa sababu bila shule amefanya kilichonishinda mimi na shule yangu. Ilinichukua siku mbili za maombi kabla sijaweza kurudi kwake na kumwambia, "Mama, hawa watu Mungu amekupa wewe."

Na Barnaba hakuacha tabia hiyo. Yohana Marko alipowaacha safarini, Paulo akakataa kwenda naye tena. Walishindana mpaka wakatengana, na Barnaba akamchukua Marko wakaenda zao. Miaka baadaye, Paulo akiwa kifungoni, anaandika kwa Timotheo kwamba amlete Marko, kwa kuwa anamfaa katika huduma (2 Timotheo 4:11). Nani alimfanya Marko afae? Ni yule aliyekubali kuketi na mtu aliyeanguka mara moja. Wako hapa kina Marko. Walishindwa zamani, na tangu siku hiyo hakuna aliyewaita tena.

Mwezi huu tutafanya nini

Mchungaji amekubali tufanye hivi.

Fomu haijatupwa. Bado tunahitaji kujua nani atashika pesa na nani ataandika. Lakini fomu itakuja mwisho, na asiyejua kusoma atapewa mwandishi, kama yule mama alivyopata kijana wa darasa la sita.

Kila mzee, kila mama wa idara na kila kiongozi wa vijana ataleta jina moja. Jina hilo lisiwe la mtu wa nyumba yako wala wa ukoo wako. Liwe la mtu ambaye hajawahi kusimama hapa mbele. Na utuambie mambo matatu uliyoyaona kwa macho yako akiyafanya kwa ajili ya watu wengine.

Utamfuata kwake. Usimtumie ujumbe. Nenda uketi kwenye kiti chake, unywe chai yake, uone majirani wanamsalimiaje.

Atakayechaguliwa atatembea na aliyemleta mwaka mzima. Wewe uliyeleta jina ndiye mdhamini. Akikwama usije kwangu kusema, "Kijana wenu amekwama." Ni wako.

Kuhusu Kakuma, Jumamosi ya wiki ijayo tutakwenda watatu. Hatutakwenda na mtu wa kuwakabidhi. Tutaketi na kundi na kuwauliza, usiku mtoto akiugua mnamwita nani? Mkigombana, nani huwapatanisha? Jina litakalorudiwa ndilo tutakaloomba juu yake.

Na wewe unayeketi nyuma karibu na mlango, unayesoma karatasi hii nyumbani kwako kwa taa ya simu au unayesomewa na mtoto. Labda Mungu alisema nawe miaka iliyopita, na tangu hapo umekaa Tarso. Usikate tamaa, na usijipake mafuta mwenyewe. Chunga ulichopewa. Daudi hakuyaacha mafuta kwa kuwa alikuwa na kondoo, alifuatwa huko huko kwenye kondoo. Hatukaketi mezani mpaka uje.

Tuombe.

Baba, tusamehe kwa wale tuliowapita kwa sababu ya nguo zao, lugha yao, kabila lao au karatasi zao. Tupe macho yanayoona unachoona. Tupe miguu ya kwenda Tarso, na moyo wa kufurahi tukipitwa. Mbariki mama yule chini ya mti wake na watu wake. Tuonyeshe mtu wako wa Kakuma. Katika jina la Yesu, Amina.

Maswali ya ushirika wa nyumbani

1. Taja mtu mmoja aliyekuamini kabla wengine hawajakuamini. Alifanya nini hasa?
2. Katika mtaa wetu, watu huenda kwa nani wakipata shida? Je, mtu huyo ana nafasi yoyote kanisani? Kwa nini?
3. Yuko Marko yupi tuliyemwacha baada ya kuanguka mara moja? Nani atakwenda kumwona wiki hii?